UZI: Semista ya kwanza ya MBA ya jioni, namna ya kuvuka bila sapu (mtihani wa marudio)

#1 Mzani wa Upanga

Wakuu, salaam. Kila ikifika Oktoba maswali ni yaleyale, na majibu ni "komaa tu utazoea". Kukomaa peke yake hakusaidii kitu. Uzi huu ni wa wale wanaotoka kazini saa 10 au 11 jioni na kuingia darasani saa 11:30, iwe Mlimani, Mzumbe ya Dar, IFM au kwingineko. Wanaojua kozi moja moja vizuri washushe nondo hapa chini.

Mimi naanza na saa, kwa sababu semista ya kwanza inaangusha watu kwa saa kabla haijawaangusha kwa ugumu wa kozi. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) krediti 1 ni saa 10 za kazi, ukijumlisha mihadhara, kujisomea, asaimenti na mtihani. Chukua kozi 5 za krediti 12: ni krediti 60, yaani saa 600. Gawa kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki. Kwenye karatasi, chuo kinakudai kazi ya pili ya kudumu. Mtu mwenye ajira, foleni ya Morogoro Road na familia, akijitahidi sana anapata saa 15 za darasani na saa 10 hadi 12 za kujisomea. Pengo la saa 13 na zaidi kila wiki litakuwepo utake usitake.

Kwa hiyo swali ni moja tu: unapunguza wapi? Asiyeamua mapema hupunguza usingizi kwanza, halafu maandalizi ya darasa, mwisho anajikuta anagonga asaimenti saa 8 usiku siku ya kukusanya.

Msimamo wangu ni huu. Punguza kusoma sura za vitabu, usipunguze kufanya maswali. Na katika wiki 6 za mwanzo, zaidi ya nusu ya saa zako za kujisomea zipe uhasibu, fedha na takwimu. Hizo zinapandiana: ukikosa wiki ya 2, wiki ya 5 huelewi hata anachoandika mhadhiri ubaoni. Masoko na tabia za watu kazini mada zake zinasimama zenyewe, ukiruka moja unaweza kuirudia Jumamosi yoyote.

Eneo la hatari ni wiki ya 4 hadi ya 7. Hapo tesiti za kozi zote zinagongana, makundi yanadai ripoti, na ule moto wa kujiandikisha umeshapoa. Siku ya kwanza ukipewa mpango wa kozi, chukua karatasi moja, andika tarehe zote za kozi zote. Zile wiki mbili mbaya utaziona hapo hapo.

#2 Fundi Mizania

Mkuu umefungua vizuri. Nichukue uhasibu.

Wengi hukariri debiti na krediti bila kuona kinachotokea. Kitu cha kwanza kiingie kichwani: rasilimali ni sawa na madeni jumlisha mtaji wa wenye mali, na kila muamala unagusa angalau sehemu mbili. Cha pili, ambacho ndicho kinaliza watu: faida si fedha taslimu. Fanyeni mfano huu kwa mkono, bila Excel.

Duka la jumla la saruji. Mwezi wa kwanza limenunua mifuko 1,000 kwa shilingi 14,000, limelipa taslimu: milioni 14. Limeuza mifuko 800 kwa 16,000. Katika hiyo 800, mifuko 300 wamelipa papo hapo, 500 wamechukua fundi wakubwa kwa mali kauli.

Faida: 800 mara 2,000, ni milioni 1.6. Mwenye duka anafurahi.
Fedha: zimeingia 300 mara 16,000, yaani milioni 4.8. Zimetoka milioni 14. Mfuko umepungua kwa milioni 9.2.

Sasa unganisha hizo mbili. Faida 1.6, toa ongezeko la wadaiwa milioni 8 (mifuko 500 mara 16,000), toa ongezeko la mzigo stoo milioni 2.8 (mifuko 200 mara 14,000). Jibu: hasi 9.2. Imekaa sawasawa. Hiyo ndiyo taarifa ya mtiririko wa fedha kwa njia ile ya kuanzia na faida, hakuna uchawi mwingine. Kukiwa na uchakavu unaurudisha juu, kwa sababu ulipunguza faida bila senti kutoka. Wadai wakiongezeka unajumlisha, kwa sababu umepata mali bila kulipa bado.

Makosa yanayojirudia kwenye tesiti: kubadili alama ya wadaiwa (wakiongezeka fedha inapungua, si kinyume chake), kuweka mkopo wa benki kwenye mapato, na kuandika mzigo wote ulionunuliwa kama gharama ya mauzo badala ya ule uliouzwa tu. Hilo la mwisho kwenye mfano wetu linageuza faida ya milioni 1.6 kuwa hasara ya milioni 1.2.

Tahadhari kwa wanaosoma madesa ya Kimarekani: mtakuta sura nzima ya LIFO (kuhesabu kana kwamba mzigo ulioingia mwisho ndio umeuzwa kwanza). Sisi tunatumia IFRS (viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha), na IAS 2, kile cha mzigo stoo, hairuhusu LIFO. Jua ni nini, ila ukiitumia kwenye swali la kampuni ya hapa umepoteza alama.

Ukishaelewa mfano wa saruji, chukua taarifa ya mwaka ya kampuni iliyoorodheshwa DSE (soko la hisa la Dar). Anza na Twiga Cement au TBL ya bia. Usianze na NMB wala CRDB hata kama ndiko unakofanyia kazi, maana mizania ya benki inamchanganya mgeni: amana za wateja ni deni, mikopo ndiyo rasilimali. Tafuta namba tatu tu: faida baada ya kodi, fedha zilizotokana na shughuli za biashara, na tofauti yake. Kisha eleza tofauti hiyo kwa sentensi tatu. Ukiweza, umeshavuka nusu ya kozi.

#3 Ngosha84

Fundi shukrani. Swali: mtu aliyetoka uhandisi, hesabu hazimpi shida. Naye aanze mapema?

#4 Fundi Mizania

Aanze, mkuu, tena mapema kuliko wengine. Mhandisi hakwami kwenye kuzidisha. Anakwama kwenye maswali ambayo jibu lake ni uamuzi: gharama hii iende mwaka huu au igawanywe kwa miaka 5? Mapato haya yatambuliwe leo au mzigo ukishafika kwa mteja? Anatafuta kanuni moja, anakuta hoja. Na kwa kuwa hesabu anaziweza, anaahirisha mpaka wiki ya 6. Huko anakuta mwenzake aliyesoma sheria ameshamwacha.

#5 Bi Kikokotoo

Kwa upande wa fedha, kozi nzima inasimama juu ya jambo moja: shilingi ya leo na shilingi ya kesho hazilingani. Milioni 1 utakayolipwa baada ya miaka 3, kwa kiwango cha asilimia 12, leo ni shilingi 711,780. Kama huwezi kuipata namba hiyo sasa hivi, usiendelee na sura ya pili.

Halafu fanya mfano wa mkopo, maana upo mtaani kila siku. Milioni 10, asilimia 18 kwa mwaka, miezi 24.

Riba inayohesabiwa kwenye salio linalopungua: riba ya mwezi ni 1.5%. Kwenye Excel andika =PMT(1.5%,24,-10000000). Rejesho ni shilingi 499,241 kwa mwezi.

Riba ya flati, inayopigwa kwenye mkopo wa mwanzo hadi mwisho: milioni 10 mara 18% mara miaka 2 ni milioni 3.6. Jumlisha, gawa kwa 24, rejesho ni 566,667.

Asilimia 18 ileile ya kwenye bango, tofauti ya zaidi ya 67,000 kila mwezi. Ukiitafuta riba halisi ya huo wa flati kwa fomula ya RATE ya Excel, unapata karibu 2.62% kwa mwezi, yaani zaidi ya asilimia 31 kwa mwaka. Wahadhiri wanapenda sana swali hili, na wakopeshaji nao wanapenda sana watu wasiolijua.

Kosa la Excel linalokula alama kuliko yote ni fomula ya NPV (thamani ya leo ya fedha zote za mradi). Excel inachukulia kwamba namba ya kwanza uliyoiweka inatokea mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Mradi wa milioni 10 leo, unaorudisha milioni 5 kwa miaka 3, kwa 15%: jibu sahihi ni 1,416,126. Ukiutia na ule mtaji wa leo ndani ya mabano ya NPV unapata 1,231,414, kwa sababu kila kitu kimesogezwa mbele mwaka mmoja. Mtaji wa leo ukae nje: =NPV(15%,B2:B4)+B1, ambapo B1 ni hasi milioni 10.

Kikokotoo. Kama chuo kinaruhusu BA II Plus (kikokotoo cha hesabu za fedha), fanya mambo manne siku unayoinunua, usisubiri chumba cha mtihani:

Bonyeza 2ND FORMAT, andika 4, ENTER, upate desimali nne. Kikiwa kipya kinaonyesha mbili tu.
Ukiwa hapo hapo shuka kwa mshale mpaka uone Chn, kisha 2ND SET kiwe AOS. Kwenye Chn, 2 + 3 × 4 inaleta 20 badala ya 14. Wengi wanamaliza semista nzima bila kujua.
2ND P/Y (idadi ya malipo kwa mwaka), weka 1. Riba ya mwezi uigawe mwenyewe.
Angalia juu ya kioo kama kuna neno BGN. Likiwepo, kikokotoo kinadhani malipo ni ya mwanzo wa mwezi. Liondoe kwa 2ND BGN, 2ND SET.

Na kabla ya kila swali: 2ND CLR TVM, ufute namba za swali lililopita. Ukipata Error 5, mara nyingi umeweka PV (fedha ya leo) na FV (fedha ya mwisho) zote chanya. Fedha inayotoka iwe hasi, inayoingia chanya.

#6 Kabete Chini

Salamu kutoka Nairobi. Nyuzi nyingi za namna hii zinasahau visa (case studies, yaani simulizi za maamuzi ya kampuni), na kwa shule zinazofundisha kwa visa hapo ndipo alama ziko. Strathmore Business School, kwa mfano, ilianzishwa 2005 kwa msaada wa IESE ya Barcelona, na kufundisha kwa visa ndiyo asili yake. Darasani hakuna anayekuhadithia kisa. Unakuja umeshakisoma, mwalimu anauliza, nyinyi mnabishana.

Kisa cha kurasa 15 kinakula saa 4 ukikisoma kama riwaya. Kifanye kwa saa 2 hivi:

Dakika 10 za kwanza soma ukurasa wa kwanza, wa mwisho, na vichwa vya majedwali tu. Andika sentensi moja: nani anaamua, anaamua nini, kabla ya lini. Kama huwezi kuiandika, rudia ukurasa wa mwisho.

Dakika 45 soma chote ukiwa na kalamu. Usipige mstari chini ya kila kitu, weka alama kwenye namba na kwenye maneno ya mtu mwenye maslahi yake.

Dakika 40 tengeneza jedwali moja ambalo halimo kwenye kisa. Mara nyingi ni faida ya kila kipande na idadi ya kuuza ili usipate hasara. Mfano: juisi ya chupa, bei 1,000, gharama inayofuata kila chupa 600, gharama za kudumu za mwezi 2,400,000. Inabaki 400 kwa chupa, kwa hiyo uuze chupa 6,000. Meneja anataka kushusha bei kwa asilimia 10. Sasa inabaki 300, unahitaji chupa 8,000. Punguzo la asilimia 10 limedai mauzo ya theluthi moja zaidi. Ukiingia darasani na namba hiyo huna haja ya kupaza sauti.

Muda uliobaki chagua upande, uandike na kile kitu ambacho kikithibitika utabadili msimamo.

Kuchangia: alama hazitolewi kwa kurudia yaliyoandikwa. Zinatolewa kwa namba ambayo hakuna aliyeipiga, kwa kuonyesha dhana iliyofichika kwenye hoja ya mwenzako, au kwa kuunganisha hoja mbili zilizokuwa zinapishana. Mwenye haya achangie ndani ya dakika 15 za mwanzo, wakati maswali bado ni ya kuweka picha. Ukisubiri dakika ya 60, hoja yako mtu ameshaisema.

Na tafadhali, msitafute mtandaoni kampuni ilifanya nini baadaye. Mwalimu anaijua hiyo. Anachopima ni ungeamua nini kwa taarifa zilizokuwa mezani siku ile.

#7 Mama Twalib

Ahsante Kaka wa Kabete. Nawaongezea makundi, maana ndiko ndoa za kitaaluma zinakovunjikia.

Mkiruhusiwa kuchagua, msichague kwa urafiki wala kwa nani anaonekana kichwa. Angalieni nani mnapishana naye kidogo kwa muda na njia. Kundi la wawili wa Mbagala, wawili wa Bunju na mmoja wa Kibaha halitakutana ana kwa ana hata mara tatu. Watano wanatosha, wa saba huwa ni jina kwenye jalada. Katika hao watano awepo mmoja wa Excel na mmoja anayeandika Kiingereza kinachosomeka.

Wiki ya kwanza, kabla hamjagombana, andikeni kwenye grupu la WhatsApp mambo haya na kila mtu ajibu "nimekubali": kazi ya kila mtu inafika saa 48 kabla ya muda wa kukusanya, mwunganishaji ni mmoja kwa kila asaimenti na anabadilika kwa zamu, na asiyeleta kwa muda huo bila taarifa jina lake halitawekwa. Kisha mwambieni mhadhiri mapema kwamba mna utaratibu huo. Mkimkumbusha siku ya kukusanya, itaonekana fitina.

Kosa kubwa ni kugawana maswali: wewe la 1, mimi la 2, yule la 3. Kazi inatoka na sauti tano, jedwali la ukurasa wa 3 linapingana na hitimisho la ukurasa wa 9, na kwenye UE (mtihani wa mwisho wa semista) kila mmoja anajua swali lake tu. Kutaneni dakika 40 kwanza mkubaliane jibu kwa ujumla na namba za msingi, ndipo mgawane kuandika. Mwunganishaji apewe saa 24 peke yake na faili. Jina la faili libebe tarehe na herufi za aliyeligusa mwisho, mfano Masoko_1411_RK. Mkianza kuandika "final", "final2", "final kabisa", ujue mtakusanya toleo la zamani.

#8 Kigogo Sambusa

Wakuu mmeipuuza kozi ya tabia za watu kazini, mnaiita laini. Mimi napinga alichosema Mzani kwamba unaweza kuirudia Jumamosi yoyote. Watu wa mahesabu ndiko wanakochukulia sapu. Wanaandika kwa busara ya kawaida: "meneja awasikilize wafanyakazi". Hiyo haina alama. Swali la alama 15 linataka nadharia kwa jina, vipengele vyake, kipengele kipi kinagusa tukio lililotolewa, na mwisho wapi nadharia hiyo inashindwa. Ukitumia Herzberg, onyesha kwamba mshahara kwake ni wa kuzuia manung'uniko, si wa kuleta ari. Halafu sema kama hilo linasimama kwa mlinzi anayelipwa kima cha chini. Hapo ndipo alama za juu zilipo.

#9 Mzani wa Upanga

Kigogo nakubali nusu. Uandishi wake unahitaji mazoezi, hilo kweli. Lakini mada hazipandiani, na hoja yangu ilikuwa hiyo. Andika jibu moja kamili la dakika 40 kila wiki mbili, inatosha.

#10 Bi Kikokotoo

Takwimu kwa kifupi. Washa ile Analysis ToolPak: File, Options, Add-ins, chini kabisa chagua Excel Add-ins, Go, weka tiki. Bila hiyo utahangaika.

STDEV.S ni ya sampuli, inagawa kwa n kutoa 1. STDEV.P ni ya watu wote. Asaimenti nyingi zina sampuli.

Ukipewa jedwali la rigresheni (linaloonyesha kitu kimoja kinavyofuatana na kingine), usikimbilie R mraba (sehemu ya mabadiliko inayoelezwa na hesabu hiyo). Soma kwanza alama ya kizidishi (chanya au hasi, inaingia akilini?), kisha kipimo chake (kama matangazo yako kwenye maelfu ya shilingi, kizidishi 2.3 maana yake nini?), kisha p, ndipo R mraba. Mauzo na miaka vyote vikipanda pamoja utapata R mraba kubwa bila kimoja kusababisha kingine. Na p ya 0.03 haimaanishi kuna uwezekano wa asilimia 97 kwamba uko sahihi. Inamaanisha kwamba kama kusingekuwa na uhusiano wowote, matokeo makali kiasi hiki au zaidi yangetokea mara 3 katika 100. Sentensi hiyo iandikeni ukutani.

#11 Mjomba Rejea

Asaimenti na Turnitin, ile programu ya kulinganisha maandishi. Asilimia inayoonyesha ni maneno yaliyofanana na ya kwingine, si hukumu ya wizi. Orodha ya rejea na maswali yaliyonakiliwa yanapandisha. Kinachouma ni hiki: ukipitisha rasimu kwenye akaunti inayohifadhi kazi kwenye hazina yao, ukija kukusanya rasmi inafanana na yenyewe karibu yote. Anayekupimia mwambie achague isihifadhiwe.

Wanaoandikiwa na akili mnemba: rejea hewa ndizo zinawakamatisha. Mhadhiri anachukua rejea mbili kwenye orodha, anazitafuta, hakuna makala, mwandishi yupo lakini hakuandika hiyo. Kila rejea ifungue mwenyewe kabla hujaiweka. Weka Zotero, programu ya kupanga rejea, ni ya bure, ianze siku ya kwanza. Kupanga rejea kwa mtindo wa APA za vyanzo 25 kwa mkono usiku wa kukusanya ni mateso ya kujitakia.

#12 Mzani wa Upanga

Nirudi kwenye alama, maana wengi hawapigi hesabu hii. Vyuo vingi vyetu CW (asaimenti na tesiti za semista) ni 40 na UE ni 60. Mwenye CW 22 akitaka jumla ya 60 anahitaji 38 kati ya 60 kwenye UE, yaani asilimia 63. Mwenye CW 32 anahitaji 28, asilimia 47. Alama 10 za asaimenti na tesiti, zinazopatikana nyumbani ukiwa na madesa mezani, zinakupunguzia mlima mrefu kwenye chumba chenye saa 3 tu. Halafu fungua kitabu cha kanuni cha chuo chako uangalie mambo matatu: alama ya chini ya kufaulu ngazi ya uzamili, kama kuna kiwango cha lazima kwenye UE peke yake, na sapu ngapi ndiyo kudisko (kuondolewa chuo). Usiulize kwenye grupu, kila mtu atakujibu ya chuo alichosomea digrii ya kwanza.

UE ya maswali 4 ya alama 15: dakika 10 soma yote na uchague pa kuanzia, dakika 40 kila swali, dakika 10 za kukagua. Dakika 40 zikiisha hama, hata kama mizania haijakaa. Alama za njia zipo, lakini swali ambalo hukuligusa ni sifuri safi. Watu huteketeza dakika 30 kutafuta shilingi 5,000 iliyopotea kwenye mizania, thamani yake alama 1.

Na ada: kontroo namba iombeni na kulipa mapema. Mfumo ukikataa kukutambua wiki ya UE, foleni ya ofisi ya fedha inakula siku mbili ulizopanga kusoma.

#13 Mama Twalib

Kazini pia mjipange. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka. Ongeeni na mwajiri mapema, kwa maandishi, mkubaliane kuigawa, siku 10 au zaidi ziangukie UE. Ukisubiri Januari utaambiwa kila mtu ameshaomba.

Wahasibu na watu wa benki mna balaa la ziada: Desemba mnafunga hesabu za mwaka wakati tesiti za pili zinakuja. Kila mwezi tarehe 7 ni PAYE (kodi ya mishahara) na 20 ni VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Tarehe hizo msikubali kuwa waunganishaji wa asaimenti.

Wanaofunga: miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, inagongana na UE au na mwanzo wa semista ya pili. Magharibi huingia katikati ya kipindi. CR (kiongozi wa darasa) amwombe mhadhiri mapema mapumziko ya dakika 15 yakae hapo, wengi hawakatai wakiambiwa wiki ya kwanza. Tende na maji viwe kwenye begi, usitegemee kantini.

Chakula kwa wote: kuingia darasani saa 11:30 na njaa ya tangu saa 7 mchana ni kupoteza saa nzima ya mwisho. Kula kitu saa 10. Chipsi zege ya saa 3 usiku ndiyo inayofanya msome mkisinzia.

#14 Ngosha84

Na aliyekwisha kuchelewa? Yaani wiki ya 6 hii, tesiti mbili zimebuma, kundi limevurugika.

#15 Fundi Mizania

Asijaribu kurudia yote tangu wiki ya kwanza, hatafika. Achukue karatasi za mitihani ya miaka mitatu ya kozi mbili anazoziogopa zaidi, aandike kila swali ni mada gani. Ataona mada 5 au 6 zinarudi kila mwaka. Afanye maswali ya mada hizo kwa mkono, kwa saa, huku jibu limefunikwa. Akikwama ndipo afungue sura, asome kipande hicho tu, arudi kwenye swali. Saa 2 kwa siku, siku 5, kwa wiki 3.

Tesiti zilizobuma azipeleke kwa mhadhiri saa za ofisi akiwa na swali mahususi: "hapa nilitoa uchakavu mara mbili, je, hapa pia nimekosea?" Mhadhiri anayeulizwa hivyo anafundisha. Anayeambiwa "sijaelewa kozi" anakuelekeza kwenye kitabu.

#16 Mama Twalib

Na kundi lililovurugika wasilivunje wiki ya 6, hakuna kundi jingine litakalowapokea. Wapunguze ahadi. Asaimenti iliyobaki igawanywe vipande vidogo vya ukurasa mmoja mmoja, kila kipande kiwe na jina na saa. Asiyeleta, wawili waliobaki wafunike, na taarifa iende kwa mhadhiri siku hiyo hiyo kwa barua pepe ya mistari mitatu.